Katani kwenye Shingo ya Mtungi

Saa nane na dakika ishirini mchana, Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024, gari jeupe la kulala lilisimama mbele ya gogo la mgunga lililolazwa kukata barabara ya vumbi ya Kwaluguru, wilayani Handeni. Injini iliendelea kunguruma. Ndani walikuwamo watu watatu: dereva, fundi wa gesi, na mtoto wa kike wa miaka sita ambaye bado alikuwa ameshika kata ya kuchotea maji.

Dereva aliitwa Sufiani. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mkazi wa Korogwe mjini, na kazi yake ilikuwa kuuza dawa na chanjo za mifugo minadani. Gari alilichukua bandarini likiwa limetumika Japani. Lilikuwa na kitanda upande wa nyuma, jiko dogo, sinki, na friji inayotumia gesi. Alilinunua kwa ajili ya friji hiyo. Chanjo ikipata joto inaharibika, na minada mingi ya Handeni iko mbali na nguzo za umeme.

Fundi alikuwa Agripina, mzaliwa wa Bungu, mwenye duka la majiko na mitungi ya gesi Kilole. Siku hiyo alikuwa na kazi ya kufunga jiko la shule moja Handeni mjini. Sufiani alimpa lifti, na yeye kwa malipo ya lifti alikagua harufu ya gesi ambayo Sufiani alisema imekuwa ikimkera wiki mbili.

Ukaguzi ulifanyika Kilole saa tano na robo asubuhi. Mtungi ulikaa ndani ya kabati chini ya sinki, na kabati hilo lilikuwa na mlango wa ndani na mlango mdogo unaofungukia nje ya gari. Agripina alipaka povu la sabuni kwenye kiungo cha mpira na vali. Povu likatoa mapovu madogo. Akabadilisha washa ya mpira, akakaza, akafunga gurudumu la vali mpaka mwisho.

“Usilifungue mpaka nikuletee vali mpya,” alimwambia.

“Na chanjo zangu?”

“Weka barafu.”

“Barafu! Wewe dada unadhani mimi nauza samaki?”

Aliona pia kwamba matundu matatu ya chini ya kabati, yaliyowekwa na kiwanda ili gesi ikivuja imwagike nje, yalikuwa yamezibwa kwa nailoni na utepe wa gundi. Alimuuliza sababu. Sufiani alijibu kwamba bila nailoni vumbi la Handeni lingeingia mpaka kwenye mabomba ya sindano. Agripina alimwambia ayafungue. Sufiani alisema sawa, na hakuyafungua.

Shingo ya mtungi, pale vali inapojikaza ndani ya chuma, ilikuwa imepakwa rangi nyekundu nzito. Agripina hakupaka povu hapo. Lilikuwa kosa lake, na jioni alilisema mwenyewe bila kuulizwa.

Walipokaribia Handeni Sufiani alikata kona kuelekea Kwaluguru. “Dakika kumi tu,” alisema. “Namchukua mwanangu.” Hakusema kwamba mkewe Rukaya alimkimbia mwezi Juni akiwa na mkono uliovunjika, wala kwamba aliyeuvunja ni yeye. Rukaya alirudi kwa baba yake, mzee Mdoe, pamoja na mtoto. Mtoto huyo, Hajira, alikuwa kisimani na kata yake na ndoo ya plastiki. Sufiani alishuka, akamnyanyua mtoto na ndoo yake, akamweka chumba cha nyuma cha gari na kuondoka kwa kasi. Wanawake waliokuwa kisimani walipiga kelele. Sauti iliifikia nyumba ya Mdoe kabla ya gari kufika mita mia nne, na huko mbele kaka yake Rukaya, Jabiri, alikuwa akipasua kuni na majirani wawili. Gogo lilikuwa tayari miguuni pao.

Jabiri alikuja mbele ya gari na panga mkononi. Hakuwa na haraka.

“Shuka, shemeji. Shuka tukusalimie.”

“Ondoa gogo lako.”

“Mtoto ana mjomba, Sufiani. Huku kwetu mtoto haibwi kisimani kama mbuzi.”

“Mimi ni baba yake.”

“Na ule mkono wa dada yangu, wewe ni nani wake?”

Sufiani alirudisha gari nyuma mita mbili, akalipeleka mbele kwa nguvu. Bampa ilipasuka kwenye gogo na injini ikazimika. Jirani mmoja alipiga kioo cha mbele kwa rungu. Vipande viliingia kwenye paji la uso la Agripina na mkono wake wa kushoto. Jabiri alifungua mlango wa dereva. Alipoinua panga, Sufiani alimpiga mdomoni kwa spana ya magurudumu. Taya la Jabiri lilivunjika upande wa kulia. Meno matatu yalikutwa baadaye kwenye vumbi. Jirani wa pili alimpiga Sufiani kwa fimbo begani na kichwani mpaka ngozi ikachanika. Sufiani alijipenyeza kati ya viti, akaingia chumba cha nyuma alimokuwa mtoto, akafunga mlango mwembamba wa bati unaotenga chumba na viti vya mbele. Mlango wa ubavuni alikuwa ameufunga tangu kisimani.

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini na nne.

Agripina alishuka upande wa abiria. Damu ilimwingia jichoni. Alipoinama kuifuta kwa upindo wa kanga, uso wake ulifika usawa wa sakafu ya gari, na hapo alisikia harufu. Ilikuwa kali kuliko ile ya asubuhi. Tangu Kilole walisafiri madirisha ya mbele yakiwa wazi, na upepo ulikuwa ukiificha.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya chumba hukaa chini, kisha hupanda taratibu kama maji kwenye ndoo. Chumba kile kilikuwa na matundu yaliyozibwa, na Sufiani alimkalisha mtoto sakafuni ili mawe yakirushwa yasimpate.

“Msipige gari!” Agripina alipiga kelele. “Msipige chuma! Kuna gesi!”

Jabiri, mdomo ukimwaga damu, alikuwa amekwishafika mlango wa ubavuni. Aliupiga panga mara moja. Cheche ilionekana kwenye bawaba. Agripina alimrukia mkono. Jabiri alimpiga kwa kiwiko kifuani, akaanguka chali. Agripina alipoinuka alikuwa ameokota kibao cha mti kinachowekwa nyuma ya gurudumu, na kwa kibao hicho alimpiga Jabiri kwenye kifundo cha mkono, mara mbili. Panga lilianguka. Agripina alilitupa porini.

“Unamtetea?” Jabiri alisema. Maneno yalitoka nusu kwa sababu ya taya. “Umekuja naye, wewe.”

“Ukipiga cheche nyingine unamuua mtoto. Nusa hapo chini. Inama unuse!”

Jirani mwenye fimbo aliinama, akanusa, akarudi nyuma hatua tano. Jabiri hakuinama.

Pazia la dirisha la ubavuni lilivutwa pembeni. Dirisha lilikuwa la plastiki nene. Sufiani alionekana, nusu ya uso ikiwa nyekundu. Kwa mkono wa kulia alishika kibiriti cha gesi, kile cha plastiki cha kuwashia sigara.

“Ondoeni gogo,” alisema. “La sivyo nawasha. Tunakwenda wote.”

“Sufiani, usiguse hicho kitu,” Agripina alimwambia. “Gesi imejaa humo.”

“Acha kunitisha, dada. Si umefunga mwenyewe? Gurudumu lipo pale pale ulipoliacha. Nimelijaribu sasa hivi.”

Agripina alimwamini. Sufiani hakuwa amefungua vali, na harufu alidhani ni mabaki ya asubuhi, ndiyo maana alikishika kibiriti bila hofu: alidhani anatishia watu kwa kitu kisichokuwapo. Kama gurudumu limefungwa na gesi bado inatoka, uvujaji uko chini ya gurudumu. Chini ya gurudumu kuna shingo ya mtungi peke yake.

Mdoe alifika wakati huo, anahema, spana ya bomba mkononi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Rukaya alikuwa nyuma yake, peku, na mchi wa kutwangia aliotoka nao uani.

“Shikamoo mzee,” Agripina alisema.

“Marahaba.”

“Mtungi wa gari hili nani aliwahi kufungua vali yake?”

“Mimi.” Mdoe alijibu kwa sauti ya mtu anayedai sifa yake. “Mwaka jana. Ulikuwa mtupu, vali inacheza. Niliitoa, nikaifunga upya, nikapaka rangi. Mkwe akaenda kuujaza.”

“Uliifunga kwa kitu gani?”

“Kwa katani. Kwani fundi hufunga kwa kitu gani kingine? Nimefunga mabomba ya shamba la mkonge miaka thelathini na moja. Hakuna bomba langu lililovuja.”

Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kazi. Fundi huchukua nyuzi chache, huzizungusha kwenye meno ya bomba, hupaka rangi ya mafuta na kukaza. Njia hiyo ni nzuri kwa maji, kwa sababu katani ikilowa huvimba na kujaza nafasi. Gesi hailowanishi kitu. Nyuzi zilikaa kavu, barabara ikazitikisa mwaka mzima, na rangi ikapasuka.

“Mzee, katani yako haijawahi kulowa,” Agripina alisema.

Mdoe alimtazama. Kisha alitazama gari, na mkono wake wenye spana ukashuka.

“Haijalowa,” alisema. “Mungu wangu. Ni kavu.”

Ndani, Hajira alikohoa. Alikohoa tena, kisha akanyamaza.

“Hajira!” Rukaya aliita. Hakukuwa na jibu. Alimgeukia Sufiani dirishani. “Mtoto amenyamaza. Mtoe. Nitapanda mimi, nitakwenda na wewe popote, mtoe yeye.”

“Leo ndiyo unajua kupanda gari langu? Miezi mitatu nimekupigia simu.”

“Nimekuja. Fungua.”

“Aondoke kwanza kaka yako na hilo gogo lake.”

Majirani wawili walilishika gogo. Lilikuwa zito, na tawi moja lilikuwa limejichomeka chini ya bampa. Walilivuta mara tatu, halikutoka. Jabiri hakuwasaidia. Alikuwa amekaa kwenye vumbi mbele ya gari, ameshika taya, akitazama mlango wa dereva uliobaki wazi.

Agripina aligawa kazi kwa sauti ya chini. Funguo za gari zilikuwa bado kwenye swichi, na ufunguo wa mlango mdogo wa kabati ulikuwa kwenye pete hiyo hiyo. Alizichomoa taratibu, akamwambia Mdoe atafute maji. Mzee alichukua dumu la lita ishirini lililokuwa limefungwa kwenye baiskeli ya jirani. Mlango wa kabati ulifunguka bila kulazimishwa. Mlio wa gesi ulisikika wazi, mwembamba, ukitoka chini ya rangi nyekundu.

Mdoe alimwaga maji shingoni mwa mtungi, kidogo kidogo, kiganja kikizuia yasipotee. Gesi inayotoka kwa kasi hugandisha. Vidole vyake vilipauka na kukosa hisia, naye hakuvitoa. Baada ya dakika mbili mlio ulipungua. Haukuisha.

“Inavimba,” alisema. “Inashika.”

“Endelea, mzee. Usiache.”

Agripina alilala chini ya gari na kuanza kubandua utepe kwenye matundu kwa kucha. Hakutumia kisu. Tundu la kwanza lilifunguka, gesi ikamshukia usoni na kumfanya atapike. Alifungua la pili. La tatu utepe wake ulikuwa umekauka kama bati, na alivunja kucha mbili bila kuling'oa.

Gesi iliyokuwa imekusanyika ilikuwa inatoka, lakini polepole, na mtoto alikuwa bado sakafuni. Agripina aliinuka, akamnong'oneza Rukaya: mtoto akipanda kitandani, kichwa kikawa juu ya gesi, atapata hewa, dirisha la nyuma liko juu ya kitanda, ni la plastiki, na mchi ni wa mti.

Rukaya alikwenda nyuma ya gari. Sufiani alikulia Korogwe kwa Kiswahili, na katika miaka minane ya ndoa hakujifunza Kizigua zaidi ya salamu. Rukaya alizungumza na mwanawe kwa Kizigua, sauti yake ikiwa tulivu kama anamtuma jambo la nyumbani. Alimwambia aache kata, apande kitandani, alale kifudifudi na kujifunika mto kichwani. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu kitanda kililia.

“Unamwambia nini?” Sufiani alifoka. “Sema Kiswahili!”

“Namwambia asiogope.”

Kwa mchi ule Rukaya alipiga dirisha mara nne. Mara ya nne plastiki ilipasuka katikati. Alichomeka mikono yote miwili, ule mzima na ule ambao bado haukunyooka vizuri, akamshika mtoto kwapani. Sufiani alimshika mtoto miguu. Wakavutana. Rukaya alikatwa na ncha ya plastiki kuanzia kiwiko mpaka kiganjani, na hakuachia.

Kilichofuata kilionekana na Agripina, aliyekuwa ameshika kiuno cha Rukaya, na kwa sehemu na jirani aliyekuwa kwenye gogo. Jabiri aliinuka, akaingia kwa mlango wa dereva, akauvunja kwa teke ule mlango mwembamba wa bati. Alikuwa ameokota spana ya magurudumu aliyoiangusha Sufiani. Alimpiga Sufiani mgongoni. Sufiani alimwachia mtoto ili ageuke. Mtoto alitoka dirishani kwa mvuto mmoja, na wote watatu, Agripina, Rukaya na Hajira, walianguka chini nyuma ya gari. Juu yao Agripina alisikia pigo la pili, sauti ya Sufiani ikisema “Nawasha! Wallahi nawasha!” na Jabiri akisema neno ambalo taya halikulitamka.

Haijathibitika kama Sufiani alibonyeza kibiriti, au kama spana iligonga chuma. Kibiriti kilikutwa kimeyeyuka. Spana ilikutwa na alama mpya.

Mlipuko ulitokea saa nane na dakika arobaini na nne. Paa la gari liliinuka na kukunjwa upande mmoja. Ubavu wa kulia ulipasuka, ukatupa sinki na friji mita kumi na moja. Chupa za chanjo zilitapakaa barabarani. Mwale wa moto ulipita kwenye dirisha lililovunjika, juu ya migongo ya wale waliolala chini, ukaunguza kanga ya Agripina na nywele zake za nyuma.

Mlango mdogo wa kabati ulimpiga Mdoe kifuani na kumwangusha, mbavu mbili zikavunjika. Mtungi wenyewe haukupasuka. Gesi iliyokuwa bado inatoka shingoni iliwaka kama ulimi mfupi wa samawati. Agripina alimvuta Rukaya na mtoto mpaka nyuma ya kichuguu, akarudi, akamvuta Mdoe kwa ukosi wa shati. Mzee alikataa kwanza. Alikuwa anatafuta dumu.

“Bado yamo maji,” alisema. “Niache nimwagie.”

“Mzee, mtoto yuko nje.”

“Nani?”

“Hajira yuko nje.”

Hapo ndipo alipokubali kuvutwa.

Sufiani alitoka kwa miguu yake kupitia ubavu uliopasuka. Nguo zake zilikuwa zinawaka. Alitembea hatua saba au nane, akakaa chini. Majirani walimfunika kwa mchanga na magunia, wale wale waliompiga dakika ishirini kabla. Jabiri hakutoka. Alipopatikana, baada ya moto kupungua, alikuwa amekufa kati ya mahali friji ilipokuwa na mlango wa bati.

Hajira hakuwa na jeraha la moto. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, na alikuwa anapumua kwa kuruka: pumzi mbili, kimya, pumzi moja. Rukaya alimlaza ubavu, akamsugua mgongo kwa mkono uliokuwa unavuja damu, akimwita. Agripina alihesabu pumzi kwa saa ya simu, akiwa mbali na gari, kwa sababu hakutaka kutazama kitu kingine. Dakika ya kwanza alihesabu tisa. Dakika ya nne, kumi na tatu.

Lori dogo la kubeba mahindi liliwachukua majeruhi kwenda hospitali Handeni mjini saa tisa na dakika tano. Sufiani alilazwa upande mmoja wa bodi, Mdoe upande mwingine, na kati yao Rukaya na mtoto. Njiani Sufiani aliuliza mara mbili kama mtoto ametoka. Mara ya kwanza hakujibiwa. Mara ya pili Mdoe alisema, “Ametoka.”

Sufiani alifariki saa kumi na dakika hamsini.

Saa kumi na moja na nusu askari alikuja na mtungi uliopozwa, ameufunga kwenye gunia. Alimkuta Mdoe kitandani, kifua kimefungwa bandeji, vidole vya mkono wa kulia vimevimba kwa baridi ya gesi. Agripina alikuwa amekaa pembeni. Alimweleza askari yaliyofanyika Kilole, pamoja na mahali ambapo hakupaka povu. Askari aliuliza nani alifunga vali. Mdoe aliomba mtungi usogezwe. Alikwangua rangi iliyoungua kwa ukucha wa kidole gumba, akavuta uzi mmoja wa katani uliobaki kwenye meno ya vali, mweusi nusu na mbichi nusu, akamkabidhi.

“Mimi,” alisema. “Andika Mdoe. Andika na kazi yangu.”

Saa kumi na mbili na dakika kumi, kwenye wodi ya watoto, Hajira alifungua macho, akauliza ndoo yake iko wapi, akanywa maji nusu kikombe.